JIKO LA CHUMA LILILOTUMIKA NA DOHANI YA ZAMANI

Watu wakaao Kapseret, kusini ya Eldoret, hawana haja ya kufundishwa habari za baridi. Nchi ya Uasin Gishu imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na Eldoret wenyewe uko karibu futi 7,000. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti mawingu huweza kulificha jua siku nzima, na usiku mtu aliyelala chini ya mabati huona kana kwamba amelala uwanjani. Basi si ajabu kwamba jiko la chuma la kuni, lile ambalo wengi huliita Dover, hutafutwa sana katika sehemu hizo. Hupika, huchemsha maji, hukausha nguo na hutia chumba joto, yote kwa moto mmoja. Wala si ajabu kwamba wengi hupenda kununua lililokwisha kutumika, kwa kuwa jipya lina bei kubwa, na la zamani aghalabu lina chuma kinene zaidi.

Tena katika baadhi ya nyumba za huko dohani imekwisha kuwapo. Makaburu waliotoka Afrika Kusini walifika katika uwanda huo mwaka 1908, na walowezi wengine wakawafuata. Mji ulianza katika shamba namba 64, ndiyo sababu wazee wauita Sisibo hata sasa, ijapokuwa tangu mwaka 2024 umekuwa jiji. Walowezi hao walijenga nyumba zenye meko ya mawe ukutani, mahali pa kuotea moto, na juu yake dohani kubwa ya kutolea moshi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yalinunuliwa na Waafrika, wengine peke yao, wengine kwa vyama na makampuni, na nyumba zikaja pamoja na ardhi. Nyingine zimebomolewa. Nyingine zingali zinakaliwa, na meko yake yamegeuzwa kuwa mahali pa kuwekea redio.

Mtu aliye na dohani ya namna hiyo hufikiri kwamba amekwisha kupata nusu ya kazi bure. Fikira hiyo ndiyo iletayo hasara, na mara nyingine msiba.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Mtu husikia ya kwamba kuna jiko linauzwa penye nyumba ya shamba inayobomolewa. Huenda akalitazama, akapenda milango yake, akapatana bei, akalipakia garini pamoja na watu wanne wa kulishika. Nyumbani husukumwa mpaka mbele ya meko ya zamani. Bomba moja la bati huchomekwa juu yake likielekea ndani ya dohani, na nafasi zilizobaki pande zote huachwa wazi au huzibwa kwa gunia. Jioni jamaa wote hukusanyika. Moto huwashwa, moshi hupanda kidogo, kisha hurudi na kujaza chumba. Watoto hukohoa, bibi hutolewa nje na blanketi lake. "Mzee, umeuziwa jiko bovu," husema jirani. Mwenye nyumba huamini, na kabla ya mwezi kwisha jiko lile hutangazwa kuuzwa tena. Jiko halikuwa bovu. Hakuna aliyeitazama dohani.

Mtu huyo, pamoja na hasara yake, ana bahati, maana moshi ulimwonya. Asiye na bahati ni yule ambaye jiko lake liliwaka vizuri jioni ile ya kwanza, akafurahi, akaziba kila nafasi ya madirisha ili joto lisipotee, akalala na watoto wake, huku nyufa za dohani asizoziona zikiingiza chumbani hewa isiyo na harufu. Habari za hewa hiyo zitaelezwa mbele.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba jiko halivuti. Kivutacho ni dohani. Hewa ikipata moto huwa nyepesi, nayo hupanda. Ile iliyo ndani ya dohani ikipanda, huvuta nyingine kupitia katika vilango vya jiko, na hiyo ndiyo iupayo moto uhai. Kadiri dohani ilivyo ndefu, na kadiri moshi unavyodumu kuwa na joto ndani yake, ndivyo mvuto unavyopata nguvu. Dohani fupi au yenye baridi huacha moshi usimame, na moshi uliosimama hurudi ulikotoka. Kutoka kwenye jiko hata kilele cha dohani pasipungue futi 15. Kapseret yafaa kuzidisha kidogo, kwa sababu hewa ya mahali palipoinuka hivyo ni nyepesi kuliko hewa ya pwani kwa karibu sehemu moja katika tano, na mvuto wa dohani hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Kipimo kilichoandikwa kwa nyumba za nchi zilizo chini kinaweza kuwa kifupi kwa nyumba ya Uasin Gishu.

Jambo la pili ni upana, nalo ndilo wengi wasilolijua. Meko ya wazi hula kuni nyingi na kutoa joto kidogo. Benjamin Franklin wa Marekani aliandika kijitabu juu ya jambo hilo mwaka 1744, akieleza jiko la chuma alilolibuni ili joto lisitoroke. Na mwaka 1796 Rumford, mzaliwa wa Marekani aliyefanya kazi Ulaya, alionyesha ya kwamba koo la dohani likifanywa jembamba moshi hupanda vyema na chumba hupata joto zaidi. Katika meko ya wazi karibu sehemu tisa katika kumi za joto hupotea angani pamoja na moshi. Dohani ya meko hayo ilijengwa pana kwa kuwa ilipaswa kupitisha moshi mwingi na hewa nyingi ya chumba. Jiko lililofungwa hutoa moshi kidogo, nao ukiingia katika dohani pana ni kama maji ya mfereji yaingiapo bondeni: huenda polepole, hupoa, husimama.

Kanuni ya mafundi ni kwamba eneo la tundu la dohani lisizidi mara tatu eneo la tundu la bomba la jiko. Hesabu yake si ngumu. Bomba la inchi 6 lina eneo la inchi za mraba 28 hivi. Mara tatu ni 84. Kwa hiyo dohani yenye inchi 9 kila upande, ambayo eneo lake ni inchi za mraba 81, yafaa. Dohani yenye futi moja kila upande ina inchi za mraba 144, nayo imezidi. Nyingi za zamani ni pana hata kuliko hiyo. Mwenye nyumba na apime dohani yake kabla ya kulipa bei ya jiko lo lote.

Upana huo hauleti moshi chumbani tu. Moshi wa kuni una maji na utomvu ndani yake, na ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi za sentigredi hugandama katika kuta za dohani, kwanza kama majimaji meusi, halafu kama masizi yang'aayo, magumu mfano wa lami. Masizi hayo ni kuni. Siku moja cheche huyafikia, nayo huwaka kwa joto liwezalo kupita nyuzi 1,000, ndani ya ukuta wa nyumba.

Kuichunguza dohani ni kazi ya siku nzima, lakini haihitaji vyombo vya thamani. Kwanza huulizwa habari zake. Mwashi ajuaye kazi haanzi na nyundo; humwuliza mama wa nyumba, maana ndiye ajuaye mambo ya moto: "Mama, dohani hii iliwashwa lini mara ya mwisho?" Akijibiwa, "Fundi, tangu tuhamie hapa hatujaiwasha," hujua kwamba ndani mwaweza kuwa na kitu cho chote. Nyuki hupenda sana dohani zilizoachwa. Masega yao huweza kuziba njia yote, na mtu awashaye moto chini yao hupata nyuki chumbani na nta iwakayo juu. Basi nyuki na wahamishwe kwanza na mtu azoeaye kazi ya mizinga; asali na iwe malipo yake.

Mchana wa jua, kioo kidogo huwekwa ndani ya meko kikielekezwa juu. Mwanga wa mbingu ukionekana mraba kamili, njia ni wazi. Ukionekana kama mwezi ulioliwa upande mmoja, kuna kitu. Kisha dohani hufagiwa toka juu: gunia lililojazwa majani makavu, na mnyororo mzito ndani yake, huteremshwa kwa kamba na kupandishwa mara nyingi, mdomo wa meko ukiwa umefunikwa kwa turubai lililoloweshwa ili masizi yasitapakae nyumbani. Aliye juu ya paa afungwe kamba kiunoni. Baada ya kufagia hutazamwa udongo uliounganisha mawe, kwa maana moshi una tindikali iulayo udongo huo mwaka baada ya mwaka, na mvua iingiayo kileleni huusaidia. Mtu na akwaruze kwa msumari. Ukianguka kama mchanga mkavu, umekufa, hata ikiwa kwa nje mawe yangali yanapendeza.

Jaribio lililo kubwa kuliko yote ni la moshi. Milango na madirisha hufunguliwa, na watoto hutolewa nje. Mtu mmoja huwasha majani mabichi ndani ya meko mpaka moshi mzito utoke juu. Mwingine aliye juu ya paa hufunika kilele kwa gunia lililoloweshwa. Ndipo wengine huizunguka nyumba yote, ndani na nje, na hasa darini, kutazama moshi utokako. Mahali utokapo moshi ndipo itakapotoka hewa ya sumu, na ndipo zitakapotoka cheche. Kila mahali na patiwe alama ya chaki, maana moshi ukiisha kuondoka ufa hausemi tena. Nyumba iliyoonekana nzima kwa macho huweza kutiwa alama kumi na mbili, na mojawapo ikawa juu ya kitanda cha watoto.

Huko darini kuna jambo jingine la kutazama. Wajenzi wengine wa zamani walipitisha boriti hata zikagusa mawe ya dohani, au zikaingia ndani yake. Wakati meko yalipowashwa siku za wageni tu, hatari hiyo haikuonekana. Jiko la chuma huwaka toka alfajiri hata usiku, kila siku. Na ubao upatao joto siku nyingi hukauka na kugeuka mfano wa mkaa, hata huweza kuwaka kwa joto ambalo zamani lisingeuwasha. Pawe na nafasi ya inchi 2 kati ya dohani na mti wo wote, na nafasi hiyo isijazwe kitu.

Kilele nacho kina kipimo chake. Dohani na ipite paa kwa futi 3 mahali itokezapo, tena iwe juu kwa futi 2 kuliko kitu cho chote kilicho karibu nayo kwa futi 10, kama vile mgongo wa paa. Iliyo fupi kuliko hivyo hupigwa na upepo unaoruka juu ya paa, na moshi husukumwa chini. Yafaa kutiwa kofia ya bati ya kuzuia mvua, na wavu wa waya wa kuzuia ndege. Lakini wavu huo usiwe wa matundu madogo, maana masizi huuziba.

Ikiwa nyufa ni chache na upana wafaa, mwashi huchokoa udongo uliokufa na kujaza mpya. Ikiwa dohani ni pana mno, au imelika ndani, dawa yake ni kutia bomba jipya ndani yake toka chini hata kileleni, la chuma kisichoshika kutu, lenye upana sawa na tundu la jiko, na kuziba kwa bamba la chuma nafasi iliyobaki kileleni. Mafundi wa jua kali wajuao kukunja chuma huweza kulifanya bomba hilo wakipewa vipimo sahihi. Bati la kawaida halifai kazi hiyo, kwa kuwa tindikali hulila kwa miaka michache, na likiliwa hakuna aonaye. Bomba jema lina gharama, na kwa mtu aliyenunua jiko kwa bei ndogo huonekana kama mzaha kwamba bomba lishinde jiko kwa bei. Si mzaha. Aliye na fedha za kutosha jambo moja tu na atengeneze dohani, na jiko lingoje mwaka mwingine.

Jiko lenyewe, likilinganishwa na dohani, ni rahisi kulijua. Mnunuzi na achukue tochi, aitie ndani ya sehemu ya moto wakati wa giza, afunge milango, azunguke nje. Kila penye ufa patatoa mwanga. Kisha aligonge kwa kipande cha chuma, kama mwanamke agongavyo chungu sokoni. Chuma cha kusubu kilicho kizima hulia. Kilichopasuka hutoa sauti nzito iliyokufa. Karatasi ifungiwe mlangoni na kuvutwa: ikitoka kwa urahisi, mlango haushiki. Wavu wa chuma ulio chini ya moto huwa umeungua mara nyingi, lakini huo hubadilishwa kwa gharama ndogo, wala usimfanye mtu akatae jiko zuri. Mabamba yaliyopasuka kando ya moto ni habari nyingine, kwa sababu chuma cha kusubu hakiungiki vizuri na fundi wa kawaida. Jiko lenye oveni lina njia ya moshi izungukayo oveni hiyo. Na ifunguliwe na kukwanguliwa, maana aliyeuza hakuifungua. Rangi mpya nyeusi si sifa. Mara nyingi ni pazia. Tena, jiko la zamani likiwa na kamba nyeupe au ya kijivu kandokando ya milango, kamba hiyo yaweza kuwa ya asibesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi mabaya ya mapafu baada ya miaka mingi. Isikwanguliwe ikiwa kavu, wala isichezewe na watoto. Iloweshwe, itolewe kwa uangalifu na mtu aliyefunika pua na mdomo kwa kizuia-vumbi madhubuti, ifungwe ndani ya mfuko, na mahali pake patiwe kamba mpya ya nyuzi za kioo.

Katika kuliweka, vipimo vichache havina ruhusa ya kupunguzwa. Jiko likae juu ya saruji au mawe, na sakafu isiyoshika moto itokeze inchi 18 mbele ya mlango wa kuni. Ukuta wa mbao, pazia, kabati na kiti viwe mbali kwa futi 3. Bomba la moshi liwe mbali na mti au dari ya mbao kwa inchi 18. Bomba lenyewe liwe la bati jeusi nene. Mabati yaliyotiwa zinki, kama yale ya kuezekea, yakipata moto mkali huweza kutoa moshi wa zinki uletao homa. Likiwa na pindo, zisizidi mbili, na mahali lilalapo liinuke robo ya inchi kwa kila futi kuelekea dohani.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Mabomba yaunganishwapo, lile la juu na liingie ndani ya lile la chini. Wengi hugeuza, wakiufikiria moshi upandao. Ifikiriwe lami iteremkayo: bomba la juu likiwa limeingia ndani, lami hurudi motoni na kuungua, likigeuzwa, lami hutoka kwenye kila kiungo, ikanuka, ikachirizika mpaka juu ya sufuria. Kila kiungo kipigwe skurubu tatu. Ncha ya bomba iishie sawasawa na ukuta wa ndani wa dohani, isitokeze ikaziba njia. Mdomo wa meko ya zamani uzibwe kabisa kwa bamba la chuma au kwa matofali, wala si kwa mbao au gunia, na uachwe mlango mdogo wa chuma wa kutolea masizi. Kama chumba cha pili kina meko yatumiayo dohani hiyo hiyo, nayo yazibwe. Dohani moja haina mabwana wawili.

Sasa habari ya hewa iliyotajwa hapo juu. Jina lake ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Hutoka mahali po pote moto unapokosa hewa ya kutosha, na makaa mekundu yasiyo na moshi, ambayo watu huyadhani salama, huitoa kwa wingi. Ikiingia mwilini huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikashindwa kuchukua uhai unaohitajiwa na moyo na ubongo. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea. Akiwa amelala huenda asiamke kabisa. Dalili hizo hufanana na za malaria, na watu wengine wamemeza dawa na kurudi kulala katika chumba kile kile. Ishara ya kutambua ni hii: watu wote wa nyumba wakiumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wakapata nafuu, si malaria. Na watoke wote mara moja, milango iachwe wazi, moto usirudiwe, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Hewa hiyo huletwa hasa na dohani iliyoziba au iliyopasuka, na pia na desturi ya kufunga kabisa kilango cha bomba usiku ili makaa yadumu mpaka asubuhi. Makaa yadumupo hivyo hudumu kwa gharama ya waliolala. Kilango kisifungwe hata mara moja wakati ndani mna wekundu. Tena fundi akitoboe tundu ili kisiweze kuzuia njia yote. Chumba nacho kiwe na tundu la kuingiza hewa, kubwa kama kiganja, lisilozibwa kwa nguo hata Julai, maana dohani haiwezi kutoa hewa ambayo haikuingia. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha betri kinacholia hewa hiyo inapozidi. Mwenye jiko na akinunue, akiweke chumba cha kulala. Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya moshi na hewa chafu ya majumbani. Jiko lenye dohani nzuri hutoa moshi huo nje; lenye dohani mbaya huuleta karibu zaidi na kitanda kuliko mafiga ya jikoni yalivyopata kufanya.

Kuni si shida kubwa Kapseret kwa mtu aliyefikiri mapema. Miwati, iliyopandwa kwa wingi sehemu za Eldoret kwa ajili ya maganda yake ya kutengenezea ngozi, ina kuni bora, zenye joto la kudumu. Mikalitusi hufuata, kisha saipresi, iwakayo upesi na kutoa cheche. Magunzi ya mahindi yafaa kuwashia, si kulala nayo. Walakini mti wo wote uliokatwa karibuni huweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na moto hutumia nguvu zake kuyachemsha maji hayo badala ya kuitia nyumba joto. Mvuke wake ndio upoao katika dohani na kuleta lami. Kuni zipasuliwe wakati wa kiangazi, Desemba na Januari, zipangwe chini ya paa na pande zikiwa wazi, ndipo zitakuwa tayari baridi ijapo. Vipande viwili vilivyokauka vikigongana hulia, vibichi havilii.

Siku ya kwanza hewa iliyo ndani ya dohani huwa baridi na nzito. Karatasi chache zilizokunjwa huwashwa katika kilango cha kutolea masizi, na zikisikika kuvuma, ndipo moto huwashwa ndani ya jiko. Moto wa siku tatu za kwanza uwe mdogo, ili chuma na udongo mpya vizoee, na madirisha yawe wazi, maana rangi na mafuta yaliyopakwa jikoni yataungua na kunuka. Dohani ifagiwe kabla ya mvua kubwa, na tena baada ya Agosti.

Ikitokea siku dohani ikavuma kama ndege irukayo, masizi yanawaka. Kwanza watu watolewe. Kisha, ikiwezekana, vilango vyote vya jiko vifungwe ili moto ukose hewa, na watu wa zimamoto waitwe. Maji yasitiwe ndani ya jiko wala dohani, kwa kuwa chuma na mawe yenye moto hupasuka yanapopata maji, na mvuke huunguza. Hata moto ukizimika wenyewe, jiko lisiwashwe tena mpaka dohani ijaribiwe upya kwa majani mabichi na gunia, kama mara ya kwanza.

Majivu yatolewe kila asubuhi, lakini pasiachwe patupu; yakibaki kimo cha inchi moja moto hushika vyema. Yatiwe katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, ikae nje juu ya ardhi, mbali na ukuta na mbali na ghala ya mahindi, kwa siku tatu. Makaa yaliyofunikwa na majivu hukaa hai muda mrefu kuliko adhaniavyo mwenye kuyatupa. Yakiisha kupoa kabisa, ndipo yapelekwe kwenye bustani ya sukuma wiki.